Wingu la Saa Tisa Juu ya Ufipa

Wiki nzima kabla ya kuondoka Morogoro sikulala vizuri kwa sababu ya wingu. Halikuwa wingu la mvua. Lilikuwa wingu la kwenye ripoti.

Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya uhandisi wa nishati, nilikaa nyumbani mpaka mama akaanza kunitambulisha kwa wageni kama "huyu wetu aliyesoma", kwa sauti ile ile anayotumia kumtaja jirani mgonjwa. Ndipo nikapata kazi ya muda: msaidizi wa mratibu katika mradi wa kimataifa wa utafiti wa nishati jadidifu. Mataifa matatu ya ng'ambo, pamoja na letu, yalikuwa yanapima nguvu ya jua kwenye uwanda wa Ufipa, ili sera ya umeme vijijini iandikwe kwa ushahidi badala ya maneno. Kifaa cha kupimia kilikuwa kimesimikwa katika kijiji kimoja jirani na Mpui. Sitakitaja kwa jina, wenyewe waliniomba hivyo. Jua likionekana la kutosha, wangejengewa kituo kidogo cha umeme, na wa kwanza kuunganishwa ingekuwa zahanati yao.

Vipimo vikaleta ajabu. Jua la kijiji kile lilikuwa kali tangu asubuhi, na kila siku, ikikaribia saa tisa alasiri, liliporomoka kana kwamba mtu amezima taa. Dokta Henrik, mtafiti mkuu kutoka nchi ya baridi, alilipa jambo hilo jina: Wingu la Alasiri la Ufipa. Akaliandikia makala. Wingu likasafiri, likasomwa kwenye mikutano ya miji mikuu, likapigiwa makofi. Sasa rasimu ya ripoti ilipendekeza mambo mawili: kijiji kiondolewe katika mpango wa vituo kwa kuwa "hakifai", na uanze utafiti mpya, mrefu zaidi, wa wingu lenyewe. Mimi ningekuwa mmoja wa waajiriwa wa utafiti huo. Wingu likiwapo, nina kazi. Lisipokuwapo, narudi kuwa aliyesoma.

Shida yangu ilikuwa picha. Nilizikuza picha zote za alasiri zilizopigwa pale kijijini, nikatafuta wingu. Anga lilikuwa la buluu tupu. Nikajiambia labda ni wingu jembamba mno. Labda linaonekana na wenye shahada ya uzamivu peke yao. Nikiuliza, nitaonekana mjinga. Nisipouliza na ukweli ukaja kujulikana, nitaonekana mjinga mwenye mkataba. Hivyo ndivyo nilivyopanda gari kwenda Sumbawanga: nimebeba sweta, chaja mbili, dawa za tumbo, na swali ambalo sikuthubutu kulitoa mdomoni.

Tuliondoka Morogoro alfajiri, ujumbe wa nishati safi katika magari mawili makubwa yanayokunywa dizeli kama ng'ombe waliotoka malishoni. Katika gari la mbele alikaa Dokta Henrik pamoja na wawakilishi wa wabia na mabegi yao. Katika la nyuma nilikaa na mratibu wetu, Bwana Mwaisaka, mzaliwa wa Mbeya, mtumishi wa siku nyingi ambaye husema "tutalifanyia kazi" jinsi watu wengine wanavyosema "amina". Nilimuuliza kwa uangalifu kama amewahi kuliona wingu kwa macho yake.

"Zuhura," alisema, "wingu limeshapitishwa na kamati."

Kuanzia hapo nilitazama dirishani.

Mbeya tulilala, kwa sababu Bwana Mwaisaka alitaka kuonana na wazazi wake na jambo hilo likaandikwa katika ratiba kama mashauriano na wadau. Kesho yake tukafika Tunduma, ambako malori yamepangana mpaka unadhani yamezaliwa hapo, tukaiacha barabara ya mpakani na kushika ya Sumbawanga. Ufipa haianzi ghafla. Miti inapungua kidogo kidogo, baridi inaingia kwenye viungo, halafu unainua macho na kukuta nchi yote imekuwa wazi: vilima vyenye vipara, majani yaliyoungua kwa moto wa kiangazi, mashamba yenye vichuguu vya udongo ambavyo wakulima wamefukia majani chini yake yaoze, mikokoteni ya ng'ombe ikijikokota kando ya lami. Ulikuwa mwezi wa kumi. Vumbi lilikuwa jingi na jua lilikuwa juu ya kila kitu. Baada ya Laela nilihesabu mawingu. Sikuhitaji vidole.

Tulipofika usawa wa Mpui niliona kijiji chetu kwa mara ya kwanza. Nilikitambua kwa bango. Lilikuwa la bati, limesimamishwa kwa nguzo nene za chuma kando ya barabara, refu kuliko nyumba yoyote iliyokuwa karibu, limejaa bendera, nembo na maneno ya shukrani. Nikadhani tutasimama. Madereva hawakupunguza hata mwendo.

"Hatushuki?" niliuliza.

"Kwanza hotelini," alisema Bwana Mwaisaka. "Huwezi kumwona mwananchi kabla ya warsha. Utamwambia nini?"

Jioni tuliingia Sumbawanga. Ujumbe ukashuka hotelini katikati ya mji. Msaidizi wa mratibu hana ngazi ya kulala hotelini, kwa hiyo nilipelekwa mtaa wa Izia, kwa Mama Deodata, mama mtu mzima ambaye nyumba yake ina mji upande wa mbele na shamba la mahindi upande wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Mbona umekonda? Au ndiyo nishati mnayotafuta?"

Alinipa ugali wa ulezi na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Nilikula huku nikimweleza kazi yetu, kwamba tunapima jua. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza jinsi alivyogundua maji.

"Na mkishalipima?"

"Tunaandika ripoti."

"Na jua?"

"Linaendelea."

"Basi afadhali," alisema, akaniongezea mgebuka. Ndipo akaniambia kwamba mdogo wake, Gaudensia, ndiye nesi wa zahanati ya kijiji kile. "Ukimkuta, msalimie. Lakini usimwambie habari za warsha. Ana hasira za karibu."

Asubuhi ya pili warsha ilifunguliwa kwenye ukumbi wa hoteli, mapazia yamefungwa ili jua lisisumbue picha za projekta kuhusu jua. Nilikuwa mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo nawaletea muhtasari. Kipindi cha asubuhi kilihusu bendera. Mwakilishi wa mbia wa kwanza alilalamika kwamba kwenye bango la kijijini bendera yake imefifia kwa hali ya hewa. Wa mbia wa pili akakumbusha kwamba makubaliano yanataka bendera zote zilingane. Hapo ndipo nilipopata historia ya bango lile. Lilianza dogo, lenye bendera mbili. Alipoongezeka mbia, bango likaongezwa. Ilipoongezwa nembo ya wizara, nembo za vyuo nazo zikadai nafasi. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwekwa chini ya mwenzake, bango likapanuliwa tena, kisha likainuliwa. Zaidi ya hapo, makubaliano yanasema lisimame karibu kabisa na kifaa, ili kusiwe na picha ya kifaa isiyokuwa na bendera. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza ushirikiano wa kimataifa ni nini. Hakuna kilichonieleza vizuri kama bati lile.

Kipindi cha mchana kilihusu Wingu. Dokta Henrik anazungumza Kiswahili safi cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Alionyesha mchoro: mstari wa jua unapanda, unafika kileleni, unaanza kuteremka taratibu, halafu unaanguka kama mbuzi kwenye korongo. Kila siku. Saa ile ile. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilitikisa pia, nikijichukia kidogo.

Siku iliyofuata, hatimaye, tulikwenda kijijini. Tulichelewa kuondoka, kama kawaida ya ujumbe, na tulifika mchana umepinda. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kasto, alitupokea akiwa na koti zito juu ya shati jeupe, akatupitisha kwanza kwenye bango. Alilifuta vumbi kwa kiwiko.

"Hili," alisema, "hata mabasi ya Mbeya yanapunguza mwendo kulisoma. Zamani yalikuwa yanapita tu."

Nyuma ya bango, upande wa mashariki, kulikuwa na ua wa nyaya, na ndani yake kifaa: kijumba kidogo cha kioo, cha duara kama balbu iliyokatwa nusu, juu ya mlingoti mfupi. Watu walikiita Jicho. Hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea.

Mkutano ulifanyika pale pale, kwa sababu jua lilikuwa kali na kijiji hakikuwa na kivuli kingine cha kutosha watu wote. Kivuli cha bango ndicho kilichokuwa ukumbi. Wazee walikaa kwenye mabenchi, kina mama chini kwenye khanga, na Dokta Henrik akaanza kueleza kwa upole kwa nini kijiji hiki, kwa masikitiko, kisayansi, kinaelekea kutofaa.

Hotuba ilikuwa ndefu. Kadiri ilivyorefuka, jua lilisogea upande wa magharibi, na kivuli nacho kikasogea kuelekea uani. Wazee waliinuka, wakasogeza mabenchi, wakakaa. Baada ya muda wakainuka tena, wakasogeza. Kina mama walijivuta na khanga zao. Inaonekana huo ndio utaratibu wa mikutano yote ya pale: ajenda inakwenda mbele, watu wanakwenda nyuma. Mwisho mabenchi yakagota kwenye nyaya za ua. Mzee mmoja akaegemeza mgongo. Nami, niliyekuwa nikiandika muhtasari, niliinua macho kumfuata mgongo wake, nikaona kivuli kimeingia uani kabla yetu. Jicho lilikuwa ndani yake. Giza lilikuwa limekifunika kioo chote, kwa unadhifu, kama kitambaa juu ya sahani ya chakula.

Nilitazama saa ya simu. Ilikuwa inakaribia tisa.

Nesi Gaudensia alikuwa amesimama kando yangu, mikono imefungwa kifuani. Nilimwinamia.

"Dada, hiki kivuli huwa kinafika pale kila siku?"

"Kila siku jua linalowaka."

"Na hamkusema?"

"Kumwambia nani? Mlituambia kifaa chenu tusikiguse, tusikisogelee, tusikiulize. Tukajua mmekusudia. Tukasema, wenzetu wanapima jua asubuhi na kivuli alasiri, ili wawe na vyote." Akaniangalia. "Kwani hamkukusudia?"

Akanishika mkono, akanivuta hadi zahanati, hatua chache tu, akafungua chumba cha kujifungulia. Palikuwa na kitanda, ndoo, na taa ya chemli isiyo na mafuta.

"Juzi nimemshona mama humu," alisema. "Tochi ya simu nimeing'ata kwa meno, maana mikono yote inafanya kazi. Mate yananitoka, naogopa isije ikaanguka. Sasa nenda kamsikilize mzungu wenu anatuambia jua letu halitoshi."

Kurudi mjini nilimwambia Bwana Mwaisaka garini, kwa pumzi moja, kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha kioo cha dirisha, kana kwamba jambo lingeweza kutoka nje na kusikika na ng'ombe.

"Umeajiriwa kuratibu, Zuhura. Hukuajiriwa kutazama."

"Lakini ni kivuli, bosi. Hakuna wingu. Ni bango letu."

"Bango letu, ndiyo. Unajua ni watu wangapi wanaishi chini ya wingu hilo? Wewe ni mmojawapo."

Hotelini Dokta Henrik alipoambiwa, na hapa nimpe haki yake, alibadilika rangi. Alifungua picha zake, akatazama moja baada ya nyingine. Alikuwa amezipiga yeye mwenyewe. Bango lilikuwa kwenye kila moja, kama makubaliano yanavyotaka. Nilimwonea huruma.

"Inawezekana," alisema. "Lakini kivuli hakimo katika mpango kazi."

Wakaitisha kikao cha dharura, nacho kikafanya kazi nzuri sana. Kuhamisha bango kunahitaji idhini ya wabia wote, na wabia wote hukutana mara moja kwa mwaka. Kuhamisha kifaa hakuwezekani, kwa sababu takwimu lazima zitoke mahali pamoja mfululizo. Kuchelewesha ripoti ni kukiuka mkataba. Kwa hiyo ripoti ingekwenda mwisho wa wiki kama ilivyo, neno "hakifai" likiwa palepale, na suala la kivuli lingeundiwa kamati ndogo. Bwana Mwaisaka alifunga kikao kwa kusema tutalifanyia kazi.

Izia nilimkuta Mama Deodata anapepeta maharage. Nilimsimulia yote, pamoja na hofu zangu, ambazo ni ndefu kuliko habari yenyewe. Itakuwaje kama nimekosea? Kama kuna kivuli na pia kuna wingu? Kama nikifukuzwa, nani ataajiri mtu aliyefukuzwa na mataifa manne kwa pamoja?

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "mnaongea sana. Hilo bango limechimbiwa, au limeota?"

Siku ya mwisho ujumbe ulipanga ziara ya mafunzo kwenye maporomoko ya Kalambo, kujifunza nishati ya maji kwa kupiga picha mbele yake. Nilisema tumbo linaniuma, na kwa mara ya kwanza maishani dawa zangu za tumbo zilinipa ushahidi. Walipoondoka, nilipanda basi la asubuhi kwenda Mpui.

Nesi Gaudensia, aliyekwisha kupigiwa simu na dada yake, alikuwa ameshaita watu. Walikuja na majembe yao makubwa, yale ya kuinulia vichuguu. Pingamizi lilitoka kwa Mzee Kasto. Alisimama mbele ya bango, amenyoosha mikono kama anazuia mbuzi.

"Hapana. Hili ndilo jina letu. Mkiling'oa, nani atajua tupo?"

"Mwenyekiti," alisema Gaudensia, "wake zako wawili wamejifungulia kwangu gizani. Wanajua tupo."

Watu walicheka. Mzee alikasirika, kisha akacheka kidogo, kisha akakumbuka kukasirika. Walibishana kwa Kifipa nisichokielewa, kwa kasi na kwa vidole. Mwisho mama mmoja akanitafsiria: mzee anataka likishang'olewa lisimikwe mbele ya ofisi yake, lielekee barabara vilevile, na asiwepo wa kulisogeza tena. Nikamwambia mahali pale ndipo hasa panapofaa kisayansi. Ulikuwa uamuzi wa kisayansi wa kwanza wa mradi ule uliofikiwa kwa kauli moja.

Tulichimba mpaka saruji ikaonekana, tukaivunja kwa mitaimbo. Nami nilichimba, malengelenge yalinitoka kabla nguzo ya kwanza haijatikisika. Kisha watu waliingia chini ya bati, mabega kwa mabega, nikaingia nami. Upepo wa Ufipa ukalikamata kama tanga, ukatuyumbisha huku na huku, watu wakipigana vikumbo na kutukanana kwa furaha. Basi la Mbeya likapita. Safari hiyo lilipunguza mwendo kweli. Wasafiri wote walihamia dirisha moja kutazama bendera za mataifa manne zinatembea kando ya barabara kwa miguu mingi yenye vumbi.

Baada ya chakula nilikaa uani na kompyuta mpakato, nimeiunganisha na Jicho. Watu walikaa nyuma yangu juani, khanga na kofia vichwani, maana kivuli kilikuwa kimehama. Ikakaribia tisa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga samahani zangu kwa wabia, kwa mpangilio wa alfabeti. Ikawa tisa. Mstari uliendelea kuteremka taratibu, kwa adabu, kama jua lolote linaloelekea jioni. Haukuanguka.

"Wingu liko wapi?" aliuliza Mzee Kasto, akitazama anga kwa dhati kabisa.

"Ofisini kwako, mzee."

Niliandika ujumbe kwa wabia wote. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya nyingi za heshima. Nikazifuta. Ya pili ilisema "pengine". Nikaifuta. Nikaambatisha mchoro wa siku ile na picha ya mahali bango liliposimama, nikaandika kwamba vipimo vyote vya alasiri vilivyotangulia ni vya kivuli cha bango letu, kwamba bango nimelihamisha mimi pamoja na wanakijiji, nikaweka jina langu kamili. Nikatuma. Kisha nikapanda basi la kwenda Tunduma, sikurudi Izia hata kuchukua chaja.

Simu ya Bwana Mwaisaka ilinikuta Laela.

"Zuhura, umefanya nini?"

"Nimelifanyia kazi, bosi."

Alikata.

Nilirudi Morogoro nikiwa sina mkataba, nina malengelenge tu. Mama alinitazama mikono, akanipa maji ya moto. Nesi Gaudensia amenipigia: neno "hakifai" limeondolewa, na mafundi wamekuja kupima msingi wa kituo nyuma ya zahanati. Taa bado haijawaka, na simsikii akishangilia. Anasema atashangilia mikono yote ikiwa huru na mdomo hauna kitu. Nilichojifunza Ufipa ni kidogo. Nilidhani hofu yangu ni ya kukosea, kumbe ilikuwa ya kuwa sahihi peke yangu mbele ya watu wenye viti vizuri.

Mwezi uliopita Bwana Mwaisaka aliniandikia tena, kwa lugha ya upole. Wabia wameafikiana kufadhili utafiti mpya wa miaka mitatu kuhusu athari za vivuli vya miundombinu katika vipimo vya jua kwenye nyanda za juu. Wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa jambo hilo. Wamenipendekeza mimi, kwa cheo kikubwa kuliko cha kwanza, na kwenye warsha nitalala hotelini.

Zamani barua kama hiyo ingenikosesha usingizi wiki nzima. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nikamjibu kwamba nashukuru, lakini sitakuja: kivuli hicho nimekwisha kukibeba begani pamoja na wenye kijiji, na wakitaka kujua uzito wake waende Mpui na majembe.

Nikatuma, nikaenda kulala.